Chumba cha Wageni wa Desemba

Nikisikia harufu ya dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojizungusha kama jilebi, najiona niko Mtongwe, mtoto wa miaka tisa hivi, nimepiga magoti napiga deki chumba cha mbele. Mama yuko mlangoni ameshika kiuno. Amekwisha kuniambia pembe ile bado, na pembe ile ina nini mimi sioni. Wageni wanakuja, na kwa mama yangu mgeni alikuwa mtu wa kuangalia pembe.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulibaki wawili na nyumba, na bati za jikoni zilikuwa zimeoza hata mvua ikinyesha tulipika tumetega ndoo. Mama alikuwa hacheki tena. Alifanya kazi zake, akaswali, akalala. Kisha akapata wazo la kukodisha kile chumba kwa watu wa bara wanaoteremka kila Desemba kuja kuona bahari, maana si wote wenye uwezo wa hoteli za ufuoni. Akamwambia mwenye duka kule karibu na feri, naye ndiye aliyetuletea Mwalimu, mkewe na binti yao Njeri, kutoka Kinangop. Walikuwa wamebeba masweta katika joto lile. Walishinda wakiuliza hoteli, na bei ziliwatoa jasho kuliko jua.

Mama alitaja kodi ya wiki. Mwalimu hakuomba apunguziwe, na uso wa mkewe ukakunjuka. Makubaliano yalikuwa chumba tu. Chakula wangejipikia wenyewe kwa jiko la mafuta taa walilokuja nalo.

Mambo yaliharibika asubuhi ya pili. Mama alimkuta Mama Njeri ameinama uani, anapambana na utambi, akasema haiwezekani mtu ahangaike na chai ndani ya ua wake na yeye ana mahamri tele chini ya kawa. Mchana akapika kwa wote. Mjomba wangu, aliyekaa jirani, akaitwa aje ale na Mwalimu barazani, na sisi wanawake tukakaa mkekani, sinia moja. Mama Njeri alionja, akatafuna polepole, akauliza kama ni kweli hata maharagwe tunayatia nazi.

"Tungeweza tungetia na kwenye maji," mama akamjibu, kisha akacheka. Nilimtazama. Nilikuwa nimesahau kwamba jino lake moja la pembeni limepanda juu ya jingine.

Tangu hapo hawakuachana. Jioni wanachambua mchicha, huyu anamfundisha huyu kukuna nazi, mwenzake anamweleza baridi ya kwao, na mama anakataa katakata kwamba maji yanaweza kuganda nje usiku yenyewe.

Siku ya kuondoka Mwalimu alitoa kodi. Mama akarudisha mikono nyuma.

"Lakini Mama Zuhura, tulikubaliana," Mama Njeri alisema.

"Hayo yalikuwa kabla sijawajua. Mtu mumekula naye sinia moja utamtozaje kodi?"

Walipoondoka tulizikuta zile pesa chini ya mto. Mama alizitia mkononi mwangu, akanituma mbio. Niliwakuta kwenye foleni ya feri, nikamkabidhi Mama Njeri, nikarudi najiona shujaa. Alinishukuru, lakini uso wake haukuwa wa kushukuru. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Mwaka wa pili walikuja na gunia la viazi na kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Mama naye akajibu. Aliwapa kitanda chake mwenyewe kwa sababu godoro lake lilikuwa nene zaidi, sisi tukalala chini. Kuku wetu wakapungua. Sikukuu yao ya Krismasi ikapikiwa biriani, na Mama Njeri akafungiwa doti ya leso mpya. Kodi safari hii waliificha ndani ya kopo la sukari. Nikatumwa mbio tena.

Mwaka wa tatu nilipiga deki, shuka zikatandikwa, hawakuja. Mama Njeri akapiga simu, akasema mwaka huu wamebanwa. Siku chache baadaye nikakutana na Njeri ufuoni, Likoni hapo hapo. Aliniambia wamepanga chumba nyuma ya soko, kina joto, na choo wanatumia na watu wasiowajua.

"Mbona hamkuja kwetu?"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Mami amesema huko tunalipa."

Nilimwona mjinga. Nilikwenda kumweleza mama vilevile nilivyoambiwa. Alikaa kitandani, juu ya zile shuka, akazinyoosha kwa kiganja.

"Kumbe chumba changu hakikuwapendeza," alisema.

Baada ya Idi alikipaka rangi ya buluu. Akanunua pazia. Desemba zikaja, madirisha yakafunguliwa, na bati za jikoni zikaendelea kuvuja. Simu ilipoibiwa, namba zao zikaenda nayo. Miaka mingi baadaye, katikati ya kuchagua mchele, aliniuliza ghafla, "Hivi yule nilimkosea nini?"

Nilikuwa mtu mzima, kazi inanipeleka Eldoret mara kwa mara, nilipolijua jibu. Nilikuwa nikifikia kwa familia ya mwenzangu wa kazini. Walinipenda, wakanilisha, wakakataa hata mkate niliowanunulia. Safari ya tatu nilipanga chumba nyuma ya stendi, nikawadanganya kwamba sikupita mji huo. Godoro lilikuwa jembamba, jirani anakohoa, na mimi nikajinyoosha kwa raha. Hapo nikamkumbuka Njeri na kidole chake mchangani, nikaona aibu kwa ajili yetu sote. Ile kodi ndiyo iliyokuwa ruhusa yao ya kurudi. Mama aliona akiipokea atakuwa amemfanya shoga yake mpangaji. Mama Njeri aliona asipoitoa atakuwa amekuja kuombaomba. Walipendana, na kila mmoja alimwonea mwenzake haya ya kusema.

Niliporudi Mtongwe nilimweleza. Amezeeka sasa, husikiliza huku akinyoosha leso mapajani. Nilifikiri atabisha.

"Si angenambia?" alisema. "Ningezitwaa, mwanangu. Ningezitwaa, kisha nikawapikia nazo."

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo, na hakuna aliyeiona wakati ule Mama Njeri alipokuwa mitaa michache tu kutoka kwetu, analala kwenye joto, na mama huku ametandika kitanda.