Mama Koki na Picha Iliyoganda

Saa nne asubuhi, simu ya mezani inalia katika chumba cha mitambo cha hospitali. Fundi wa mtandao anaipokea mdomo umejaa chai.

"Mama Koki, picha imeganda!" Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. "Daktari bingwa hatumwoni, na mgonjwa ameshafunguliwa!"

Bingwa huyo yuko mji mwingine, anamwongoza daktari kijana kwa video. Bila picha, kijana yuko peke yake na tumbo la mtu.

Fundi anatazama skrini, anaona chanzo. Aliyeibana video ni yeye mwenyewe.

Jina la Mama Koki, yaani mfunga bomba, alipewa na wenzake mwaka jana, alipouamuru mtambo umpunguzie kasi, bila kuuliza, yeyote anayevuta intaneti kupita kiasi. Kabla ya hapo ofisi zilitazama mpira huku majibu ya maabara yakikwama. Wakubwa walikuja kumbembeleza awasamehe.

"Nikajifanya chuma," huwasimulia wenzake. "Nikawaambia mtandao hauna shemeji. Sikuacha hata mlango mmoja wa upendeleo, maana najijua, nina huruma."

Leo video ya upasuaji imevuta kuliko wote, na mtambo umeiadhibu kama mtazama mpira. Akiuzima ubanaji huo tu, kila ofisi itajimwagia intaneti, na picha itasongwa vilevile.

Anauzima, kisha kwa mkono wake anaibana ofisi moja baada ya nyingine, hadi ya mkurugenzi aliye katikati ya kikao na wafadhili. Kinabaki wazi chumba kimoja.

Simu inalia. Mkurugenzi.

"Wewe mama, una wazimu?"

"Nitakuja kueleza, bosi. Sasa hivi usinisemeshe."

Anamkatia simu. Anangoja, macho kwenye simu, chai imepoa. Inapolia tena anaogopa kuipokea.

"Picha imerudi," anasema muuguzi. "Wameanza kushona. Mgonjwa yuko salama."

Mama Koki analaza kichwa mezani, analia waziwazi.

Mchana huu ameitwa kwa mkurugenzi. Anakwenda na ombi moja: chumba cha upasuaji kipewe waya wake peke yake, usiopita kwenye koki ya mtu.

"Anifukuze akitaka," anawaambia wenzake akijifuta uso kwa kanga. "Ila huo waya nitauvuta mimi kwanza."