Mkasi Uliokula Karatasi

Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Fundi yeyote wa nguo atakuambia hivyo, tena kwa ukali. Karatasi inaua makali, halafu mkasi unatafuna badala ya kukata.

Wangu ulianza kutafuna mwaka uliofuata Uhuru, pale Karatu, kwenye baraza la duka tulikokaa mafundi wawili, kila mtu na cherehani yake. Nilikuwa na gauni la harusi mezani, satini nyeupe ya binti wa mkulima mmoja wa kule juu. Kukata mkono wa kwanza tu, satini ikaparuzika. Nilitukana mpaka mwenye duka akatoka nje. Ule mkono ilibidi niuzungushie lesi kuficha aibu.

Nikaukagua mkasi. Kwenye skurubu palinasa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Ahaa! Mimi sijawahi kutumia vigezo vya kufuatishia kitambaa, nakata kwa chaki na jicho langu. Mwenzangu ndiye aliyekuwa na vigezo vya karatasi ya saruji, amevitundika ukutani kwa msumari. Alidai anavikata kwa wembe. Wembe! Nani angekubali?

Nikaunoa mkasi, nikageuka mpelelezi. Kila mchana nilipokwenda kula niliuacha mezani, nimefunga uzi mweupe kwenye mashikio. Nikirudi, uzi uko vilevile. Basi nikajiambia, huyu mjanja, anaufunga upya. Jioni nilikwenda nao nyumbani, huko sikuwa na wasiwasi.

Siku moja mke wangu alituletea chai. Nikasema kwa sauti, ili mwenzangu asikie vizuri: “Nikimkamata anayekatia karatasi mkasi huu, wallahi namvunja vidole!” Mimi Mkristo, lakini hasira ilikuwa imenifikisha huko. Mke wangu alitua birika polepole. Mwenzangu akamtazama anavyomimina, kisha akainamia kazi yake.

“Ni wewe?” nikamuuliza mwenzangu, mke wangu alipokwisha kuondoka na sisi tumebaki wawili.

“Kama unaona ni mimi, bwana, basi ni mimi.”

Nikajua amekiri. Nikamwambia mwenye duka achague, yeye au mimi. Wiki ile ile mwenzangu alipakia cherehani yake kwenye lori la vitunguu, akaenda kuanza upya Mang'ola. Nilimwangalia anaondoka na nilifurahi, sitaficha.

Mwezi haukuisha, mkasi ukaanza kutafuna tena.

Jioni moja mke wangu alikuwa ananimiminia maji ninawe. Shinani mwa kidole gumba chake nikaona sugu, mpya, mahali palepale ilipo yangu ya mkasi. Nikainua godoro. Chini yake kulikuwa na blauzi, sketi na suruali za watoto, zote za karatasi ya saruji, zimekatwa vizuri kuliko nilivyowahi kukata mimi. Nilipogeuka, alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo.

Niliona haya hata sikuweza kula. Kesho yake nikadandia lori kwenda Mang'ola kumwomba mwenzangu msamaha. Nikamkuta anashona kaptula chini ya paa la makuti.

“Nilijua tangu siku ile ya chai,” akasema. “Niliiona sugu alipokuwa anamimina.”

“Sasa mbona hukusema, ndugu yangu?”

“Ningesemaje? Ulikuwa umeshataja vidole.”