Faili la Mama Kokushubira

Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe. Anayebisha aje Isingiro, aulize steshenari yangu. Nimechapa historia za marehemu wengi, na hakuna familia niliyoipeleka makaburini mikono mitupu. Kompyuta ikizima na faili likapotea, mimi hulirudisha. Hata wa Kimuli wananijua!

Asubuhi ile alikuja Mzee Rwegasira. Mkewe, Kokushubira, alikuwa anazikwa saa nane. Mzee akanisomea, nami nikachapa: kuzaliwa Ihembe, kipaimara, ndoa, watoto wanne. Kabla hatujamaliza, umeme ukakatika. Mzee akaenda kwa fundi kuchukua msalaba.

Umeme uliporudi, faili likagoma kufunguka. Eti linatumika na mtu mwingine. Nikacheka. Kompyuta ikizimika ghafla huacha kijifaili cha muda, kimejificha, kinadai mtu bado anaandika. Unakitafuta, unakifuta, basi. Nikakifuta. Kikarudi. Nikafuta tena, kikarudi tena, na sasa nikasoma jina la anayelitumia: Kokushubira.

Niamini, kompyuta ile ina jina langu tu.

"Usinifute, mwanangu."

Kwenye benchi la wateja alikaa mama wa kitenge, amekunja mikono kama aliyepakata kichanga. Aliingia lini? Shikamoo ikanitoka yenyewe.

"Marahaba. Waitu, mwanangu, mmeandika wanne. Mimi nilizaa watano. Wa kwanza ni Kemilembe, hakumaliza wiki. Tulimzika mgombani, na hakuna aliyemtaja tena."

Niliogopa, sikufichi. Lakini kazi ni kazi.

"Mama, niachie faili. Nitamwandika."

Nikageukia kompyuta: limefunguka. Nikageukia benchi: hapana mtu.

Mzee aliporudi nikamwonyesha jina la Kemilembe. Akaketi benchini palepale, akalia.

"Nani kakwambia? Tulijua mimi na mama yao tu. Kwetu mtoto mchanga hahesabiwi."

"Nifute, mzee?"

"Thubutu! Aachwe tena bila kutajwa?"

Mchana ule, kaburini, walisomwa watoto watano. Mimi nilisimama nyuma, kifua mbele, kwani kazi ile ilikuwa ya mikono yangu.

Tangu siku hiyo kila familia naiuliza: na wale wasiohesabiwa? Kwa wengi, jina hutoka. Nawe unayechapa, sikia: faili likigoma, kifute kijifaili mara moja. Kikirudi, usikifute tena. Geuka kwanza, uangalie nani anasubiri benchini.