Nyasi za kwenye buti ya teksi yangu

Jamani, leo farasi amenitetea!

Mnakumbuka nilipoanza kuendesha teksi, dereva mwenzangu Kamau akaniapia kwamba hapa Minnesota sheria ya zama za magari ya farasi haijafutwa: kila teksi lazima ibebe nyasi kwenye buti, la sivyo unapigwa faini.

Nami nikaamini. Nikaenda mpaka Lakeville kutafuta robota la nyasi. (Chekeni tu, mmeshazoea.)

Leo asubuhi nikauliza ofisi ya leseni. Mama wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Sheria hiyo haipo!

Nikatoka nimefura kwa hasira, natafuta pa kuzitupa zile nyasi.

Sasa sikilizeni.

Nafika katikati ya Saint Paul, njia imefungwa. Gari la farasi la maharusi limesimama katikati ya barabara, farasi kagoma katakata. Mwenye farasi anambembeleza, bibi harusi karibu alie.

Na nyuma yao nani anapiga honi, abiria wake anawahi eapoti?

Kamau!

Nikafungua buti. Nikachukua fungu la nyasi, nikamtangulia farasi kama mpambe. Akanifuata taratibu mpaka pembeni, huku anatafuna. Maharusi wakashangilia, na bibi harusi akanirushia busu!

Kamau akatoa kichwa dirishani. "Aki dada, kwani bado unabeba hizo nyasi?"

Haya, ninyi mngemjibu nini?

Mimi nilimwambia, "Sheria ni sheria, kaka."