Mkono wa Kushoto wa Wepukhulu

Barua kutoka Ulaya ilifika mwishoni mwa Februari, mwaka wa 1937, na Wepukhulu alijua ina ubaya hata kabla ya kuambiwa. Bwana Treloar alikuwa ameisoma ameketi. Habari njema alizisoma akitembea.

"Wepukhulu! Ile dudu nyekundu, watu ya Ulaya nasema chupa iko na namna mbili. Nani nachanganya?"

"Sijui, bwana."

Alijua sana. Bwana alikuwa ameagiza wadudu hamsini kutoka ukingo wa mto Sosiani: wale wembamba wenye kichwa cheusi, kifua chekundu, vijibawa vifupi vya buluu kama wino, na mkia wanaoubinua wakiguswa. Ilikuwa kiangazi. Wepukhulu alipiga magoti kwenye matope kwa siku nne, akapata thelathini na watatu. Siku ya tano magoti yalikataa. Akarudi kupitia shamba la ngano huko Kiplombe, akageuza mabua yaliyovunwa, na hapo akaokota wengine wanaofanana nao kama pacha, akatimiza hamsini. Nani sokoni hajawahi kutimiza kibaba kwa kilichopo karibu?

Sasa kibaba kile kilikuwa kimemrudia, tena wakati mbaya. Miaka sita alikuwa kwa Treloar. Alikuja Eldoret kutoka Kimilili kubeba magunia ya ngano, mgongo ukamshinda, na huyu mkulima ambaye kutu ya ngano na nzige vilikuwa vimemmalizia hamu ya kulima akampa chupa ya spiriti na sanduku la pini, amwokotee wadudu wa kuwapelekea wataalamu wa Ulaya. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko magunia. Lakini mwaka wa tatu sasa shamba lake nyumbani lilikuwa halijalimwa, na kwao shamba likilala misimu mitatu, ukoo humpa mwenye jembe. Mwenye jembe alikuwa ndugu yake, Murunga. Mvua ya kwanza ingemkuta nani shambani? Hilo tu ndilo lililobaki kujulikana.

"Bwana, niliomba ruhusa ya kwenda. Uniandikie kipande."

"Mimi hapana andika kipande mpaka dudu namalizika."

Na bila sahihi ya bwana kwenye kipande, kile cheti cha kazi alichokivaa shingoni ndani ya kijikopo cha bati, mtu anayeondoka ni mtoro. Polisi wangemshusha garimoshi kabla ya kituo cha Turbo.

Jikoni, Kituyi mpishi alicheka hadi akaweka sufuria chini. Yeye ndiye aliyeleta habari za Murunga aliporudi kutoka likizo.

"Mganga wa wadudu! Ndugu yako amenunua ng'ombe wawili wa kulimia, na wewe unahesabu miguu ya mende."

"Si mende."

"Ni nini basi?"

"Mmoja anachoma, mwingine hachomi," akasema Wepukhulu, na hapo ndipo alipoona mlango wa kutokea.

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Lakini mtu haokoti wadudu miaka sita bila kumponda mmoja shingoni. Yule wa mtoni akipondwa, ngozi hukaa kimya siku nzima, halafu kesho yake huvimba na kutoa malengelenge kama ya maji moto. Yule wa ngano unaweza kumponda kama punje ya mtama. Tena wa mtoni ukimchokoza huruka. Wa ngano hukimbia tu.

Kesho yake alikwenda mtoni, kisha Kiplombe, akarudi amechoka hadi macho. Alikuwa na wadudu sita, kila mmoja kwenye chupa yake yenye nambari. Akakunja mkono wa shati mbele ya Treloar.

"Bwana leta kalamu. Andika moja mpaka sita hapa mkononi."

Akawabana mmoja mmoja, akapaka maji yao kwenye mkono wa kushoto, nambari kwa nambari, na miili akaitia kwenye spiriti, kila mmoja chupani mwake. Treloar alielewa haraka. Alipenda sana.

"Nzuri! Lete na mkono ingine. Tafanya kumi na mbili."

"Huu wa kulia una kazi Kimilili, bwana."

Siku ya pili asubuhi mkono ulikuwa umeamua. Nambari moja, tatu na sita zilikuwa zimevimba, nyekundu, na maji juu. Mbili, nne na tano zilikuwa wino mtupu. Treloar alikimbilia hadubini, akainua vijibawa vya buluu kwa sindano. Chini ya vijibawa vya waliochoma palikuwa na mabawa marefu yaliyokunjwa kama shuka. Wasiochoma hawakuwa na kitu. Akapiga meza.

"Namna mbili! Hii hapana bawa!" Akavuta vile vijikaratasi vya kuandikia mahali, anavyotoboa kwa pini chini ya kila mdudu. "Nambari mbili natoka wapi?"

 Miaka sita Wepukhulu alikuwa akiambiwa maneno yaleyale kila jioni: dudu bila mahali ni takataka, watu ya Ulaya natupa. Aliyashika vizuri.

"Wapi, Wepukhulu?"

Akavua kile kijikopo cha bati shingoni, akatoa kipande, akakikunjua juu ya vijikaratasi.

Treloar alikitazama, kisha akautazama mkono. Uso ulimwiva. "Wewe najua siku zote. Wewe ndiyo nachanganya chupa."

"Bwana aandike. Halafu nitasema mahali, na nitasema kweli."

Treloar alishika kalamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji jina lake. Akaandika. Wepukhulu, asiyejua kusoma, akakipeleka kwa Kituyi, na Kituyi akasoma tarehe mara mbili kabla ya kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Wepukhulu akarudi kwa bwana, akasema: mtoni, ngano, mtoni, ngano, ngano, mtoni. Na ilikuwa kweli. Jina ambalo yule asiye na bawa alipewa baadaye hakuliuliza.

Garimoshi lilimshusha kituoni, akatembea siku nzima na mkono umefungwa kitambaa, malengelenge yakipasuka. Alifika Kimilili mvua imenyesha usiku mmoja. Nusu ya shamba lake ilikuwa tayari nyeusi, imegeuzwa, na Murunga alikuwa kule mwisho akiwarudisha ng'ombe wake.

"Umefika!" Murunga akaita. "Mkono una nini?"

"Kazi."

Hakuenda nyumbani kwanza. Aliazima jembe kwa mama jirani, akasimama kwenye nusu iliyobaki, mbele ya ng'ombe, akaanza kulima kwa mkono wa kulia.