Nilidhani Ayie ni Bichi

Mimi ndiye niliyetafuta gari. Mimi ndiye niliyeshona nguo. Hata chapati za njiani nilizisukuma mwenyewe.

Kisha nikafika huko, nikafunikwa leso, na mwanaume wangu akatozwa faini kwa kunichagua.

Usicheke bado. Kaa nikusimulie.

Naitwa Nanyama. Kwetu ni Kimilili lakini riziki yangu iko Kisumu, nashona nguo pale Manyatta. Kidholuo changu ni cha sokoni: salamu, kuuliza bei, na matusi mawili matatu.

Marafiki zangu wa kufa kuzikana walikuwa Benta na Shantel. Nasema walikuwa.

Mwanaume wangu alikuwa Dishon. Desemba hii alikuwa aje kwetu kujitambulisha rasmi. Mama alishatenga majogoo wawili na kuwatangazia kina mama wote wa kanisa. Yaani heshima yangu yote pale nyumbani ilikuwa inamngoja huyo kijana.

Basi siku moja Benta akaja na wazo.

"Nanyama, tumechoka bana. Si tuzunguke ziwa wikendi moja? Ile safari ya watu hawana pesa."

Nikaingia mzima mzima. Kupanga mambo nakupenda kuliko kushona. Tukafungua grupu la WhatsApp, tukaliita Mzunguko wa Ziwa. Mjomba wangu Wechuli ana Noah kuukuu ya kubebea mchele kutoka Ahero, nikambembeleza mpaka akakubali kutupeleka, bora tuweke mafuta. Kulala, Benta akasema tutalala kwao, karibu na Usenge. Bure kabisa.

Halafu akaandika kwenye grupu: "Jumamosi ayie, Jumapili boti na kuogelea."

Nikaona Ayie ni jina zuri la bichi.

Nikaitafuta kwenye ramani ya simu, nikaikosa. Nikadhani ni zile bichi za wavuvi ambazo watalii hawajazigundua. Nikaandika: "Ayie itakuwa poa! Kuna kivuli huko?"

Shantel akatuma vikatuni vya kucheka. Benta akajibu: "Kuna tenti."

Sasa hapo ningejuaje?

Benta akaomba tuvae sare. Nikachagua kitenge cha kijani, nikashona magauni matatu bila kumtoza mtu. La kwake akataka liwe na marinda mengi na shanga kifuani.

"Mimi ndio mwenyeji, lazima nionekane," akasema.

Nikazishona zile shanga moja moja kwa mkono.

Ijumaa nikampigia Dishon kumuaga. Akaniambia naye ana semina ya kazi Siaya. "Enjoy babe," akasema. Wala hakuuliza naenda na nani.

Jumamosi tukatoka. Chapati, mayai ya kuchemsha, nyimbo mpaka Bondo. Tulipofika kwa kina Benta nikaona tenti, viti vya plastiki, sufuria za samaki, na akina mama wakilipigia gari letu vigelegele.

"Benta, hii ndio bichi?"

"Hii ndio ayie," akasema.

Shantel akanieleza akiangalia dirishani. "Wakwe wanakuja leo. Wanampa mama ya Benta ayie yake, pesa ya heshima. Mama akikubali, basi Benta ni wao."

Unajua nilifanya nini? Nilipiga kelele za furaha! Nikamkumbatia Benta mpaka shanga zikanichoma. Nikamuuliza kwa nini alinificha, na huyo bwana ni nani.

"Utamwona," akasema.

Bichi nikaisamehe papo hapo. Hata marinda yake nilimnyooshea.

Wakwe walipofika ukaja ule mchezo wa leso, ambao siku hizi kila kabila limeuiga. Benta, Shantel na mimi tukafunikwa kuanzia kichwani, tukapangwa mstari. Bwana harusi amtambue wake. Akikosea, faini ni kreti ya soda.

Huku ndani nilikuwa nazuia kicheko. Nilichoona ni nyasi tu na miguu ya watu.

Kisha viatu vya kahawia vikasimama mbele yangu.

Cha kushoto kilikuwa na kamba nyeusi. Ile kamba niliitia mimi, ya kahawia ilipokatika.

Nikarudisha mguu nyuma, nikachelewa. Mguu wangu wa kulia una kovu la pasi juu ya kifundo. Dishon hulitania kila siku.

"Huyu," akasema. "Miguu hii naijua."

Leso ikafunuliwa. Tukaangaliana. Tabasamu lake likaisha lote.

Tenti nzima ikaangua kicheko. "Omera, kijana, umekosea!" mjomba wake akapaza sauti. "Lete soda!"

Na Dishon, nisikilize vizuri, akatia mkono mfukoni akalipa. Kisha akasogea kwenye leso iliyofuata.

Mguu aliujua, akasahau ni wa nani. Aibu ndiyo iliyonishika kwanza, uchungu ulikuja baadaye na mpaka leo haujaondoka.

Mama yake Benta akasimama, akasema kwa sauti, "Ayie!" Vigelegele vikapasua hewa.

"Amesema nini?" nikamuuliza bibi mmoja kando yangu.

"Amesema nimekubali, nyathina, mwanangu."

Benta akanifuata nyuma ya jikoni, Shantel nyuma yake na sahani mkononi.

"Sikukuficha," Benta akaanza. "Niliandika kwa grupu. Wewe ndio ulienda kutafuta bichi."

"Dishon alijua nakuja?"

"Hapana."

"Sasa uliniletea nini, Benta?"

Akazishika shanga zangu kifuani pake. "Nilitaka akuone hapa mbele ya watu. Ndio asirudi kwako, na wewe usimngoje."

"Na wewe, Shantel?"

"Si uliandika ayie itakuwa poa," Shantel akasema, lakini hakuweza kunitazama.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba Wechuli. "Mjomba, washa gari."

Akanitazama usoni, akafuta mikono, akainuka bila kuuliza. Aliacha samaki nusu, na huyo si mtu wa kuacha samaki.

Nilishusha mifuko yao nikaiweka kwenye nyasi. Benta akatoka mbio, gauni kalishika juu.

"Nanyama! Wakwe watarudi na nini?"

Yaani gari langu walikuwa wamelipangia kazi. Kumbe walihitaji usafiri wa bure, mwanaume wakanichukulia juu yake.

Tulipofika Ndori simu ikalia. Shantel kwenye grupu: "Umetuaibisha. Kubali tu yaishe."

Nikajibu neno moja: "Ayie." Nikatoka kwenye grupu.

Kisha nikampigia Mama, nikamwambia asingoje Desemba, awachinje wale majogoo.

"Kwani nani anakuja?"

"Mimi tu, Mama."

"Basi njoo," akasema.

Wewe unayeishi ugenini, jifunze lugha ya wenyeji kupita salamu. Na rafiki akikuandikia neno usilolijua, usimuulize yeye, muulize mtu baki. Mimi neno lilikaa mbele ya macho yangu wiki nzima, nami nikauliza kama kuna kivuli.