Kunguni Ndani ya Soksi ya Misa

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti, kitambaa cha kufunika pua na pampu ya dawa ya wadudu ya kubeba mgongoni. Niliajiriwa katika huduma ya usafi ya kambi ya wachimba shaba, Lubumbashi, enzi ambazo kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia. Mkuu wa huduma, ndani ya abakosi, ile suti rasmi isiyovaliwa tai, iliyonyooshwa vizuri, alinieleza kazi yote kwa pumzi moja: "Unaingia, unapuliza, unatoka."

Nilipuliza miaka mingi. Kisha nikatumwa nyumbani kwa Mama Ilunga. Mwanawe mchanga alikuwa na kifua kibovu. Dawa yetu ilishamlaza zahanati mara moja, na muuguzi akakataza kupuliza tena humo. Lakini kunguni walirudi kitandani, na mtoto alilia usiku kucha.

Niliomba aspirateri ya nyumba ya wageni, yaani mashine ya umeme inayovuta vumbi kwenye mazulia. Mkuu alicheka.

"Ile ni ya tapi ya bakubwa! Bon, sitwayeni, nakupa mwezi moja. Kama kunguni banabaki, tunapuliza. Mama na mutoto baende kwa nkambo yake, kule Kilwa."

Kwa bibi yake, Kilwa ya kwetu ya ziwani, siyo ile ya pwani! Kwa barabara ile, na vumbi lile, na kifua kile!

Nilianza siku hiyohiyo. Nilitumia mdomo mwembamba wa bomba, ule unaoingia kwenye nyufa, nikafuata kila mshono wa godoro na kila kiungo cha kitanda. Mfuko wa mashine ulikuwa wa kitambaa, na mtunza stoo aliutaka urudi mzima. Kwa hiyo sikuuchoma. Niliukung'uta nyuma ya jiko, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Kesho yake Mama Ilunga alinipokea mlangoni na kopo la kunguni hai.

"Mama wee! Weye ulibatembeza tu! Balienda kupunga hewa, sasa banarudia ku kitanda!"

Majirani walicheka hadi wakashika ukuta. Alisema kweli: nilivuta, sikuua.

Kwenye kamba yake ya nguo ilining'inia soksi ndefu, nyembamba. Nilimwomba.

"Soksi yangu ya misa?" Alimtazama mtoto, akaichomoa kambani.

Niliitumbukiza ndani ya bomba, ukingo wake nikaukunja nje na kuufunga kwa mpira. Hewa ilipita, kunguni wakabaki. Kabla ya kuzima mashine niliivuta soksi, nikaifunga fundo, nikaitia kwenye maji yanayochemka. Mayai hayavutwi kirahisi, kwa maana yamegandishwa kwenye mbao. Niliyakwangua kwanza kwa brashi ngumu. Yaliyoponyoka huanguliwa baadaye, ndiyo maana nilirudi kila siku ya tatu. Nilihesabu: arobaini na mmoja. Kumi na tisa. Sita. Wawili.

Siku ya mwisho ya mwezi mkuu alikuja mwenyewe na tochi. Akapekua godoro, akapekua kitanda. Nilivuta, nikaifungua soksi mbele yake: vumbi tupu!

"Hakuna!" nilipiga kelele. "Chef, hakuna hata moja!"

"Nyamaza!" Mama Ilunga alinong'ona kwa ukali. "Mutoto iko analala."

Mkuu alizima tochi, akatoka kwa ncha za viatu.

Nimestaafu sasa, na pampu ile siikumbuki sana. Lakini hadi leo, nikizima aspirateri popote, nashusha sauti.